Chumvi Kiasi

Msomaji wa maelezo ya mapishi katika magazeti na vitabu vyetu vya Kiswahili hakosi kukutana na maneno mawili ambayo aghalabu huja mwishoni mwa orodha ya vitu vinavyohitajiwa. Unga umepimwa kwa vikombe, mafuta yamepimwa kwa vijiko, nyanya zimehesabiwa moja moja. Kisha inafika zamu ya chumvi, na hapo mwandishi huandika tu: "chumvi kiasi". Wanafunzi wetu, hasa wale ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili au ya tatu, hawaachi kuuliza: kiasi gani? Nasi walimu hujibu upesi kwamba maana yake ni "ya kutosha", kisha huendelea na somo. Katika makala haya tunapenda kusimama kidogo mahali hapo tulipozoea kupapita mbio, kwa sababu katika jiko la jirani yetu mmoja mwenye asili ya Kihindi tulijifunza kwamba neno hilo dogo limebeba elimu kubwa, na kwamba elimu hiyo yaweza kupotea tusipojua namna ya kuiandika.

Kiasi ni neno lililotoka katika Kiarabu, na asili yake, qiyas, ina maana ya kupima na pia ya kulinganisha kitu na kingine. Kwa hiyo, kusema "chumvi kiasi" si kusema "chumvi yoyote". Ni kusema chumvi inayolingana na maji yaliyomo sufuriani, na ukali wa nyanya, na wingi wa walaji. Kiswahili hutofautisha vizuri hatua za jambo hili. Anayebahatisha hana dalili yoyote. Amejitupa mikononi mwa bahati. Anayekisia anazo dalili chache. Anayekadiria anacho kipimo kamili, ila kipimo chenyewe hakimo katika kikombe, bali kimo mkononi, machoni, puani na masikioni mwake. Wahindi nao wana neno lao la hatua hii ya tatu. Katika Kihindi na Kiurdu ni andaza, na Wagujarati husema andaj. Ukimwuliza mama wa Kihindi ametia manjano kiasi gani, mara nyingi jibu lake lote ni neno hilo moja.

Isidhaniwe kwamba jambo hili ni geni kwetu. Kabla ya kilo na lita, Waswahili walipima kwa mwili na kwa vyombo vya nyumbani. Ukufi ni kile kinachokaa juu ya kitanga cha mkono. Konzi ni kile kinachoshikwa na mkono uliofumbwa. Chopa nalo ni fungu dogo la kuchukuliwa mkononi. Vibaba vinne hufanya pishi. Methali isemayo kwamba haba na haba hujaza kibaba wanafunzi wetu huikariri kila mwaka, lakini ni wachache kati yao waliowahi kukiona kibaba chenyewe. Ukufi wa mtoto si ukufi wa mtu mzima, na kila mtu alilijua hilo. Ndiyo maana mkono ulihitaji kufundishwa.

Habari za jinsi vyakula vya Kihindi vilivyoingia katika nyumba zetu zinajulikana, na hatuna haja ya kuzirefusha. Biashara kati ya pwani ya Afrika Mashariki na Bara Hindi ni ya karne nyingi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilileta vibarua zaidi ya 31,000 kutoka India. Wengi walirudi kwao, wachache wakabaki. Wafanyabiashara nao, kama Allidina Visram, walikuwa wamekwisha kufungua maduka Uganda hata kabla ya reli hiyo kumalizika. Pamoja na watu yalikuja maneno: chapati, bajia, biriani, achari, chatini. Hata sukari guru, ambayo Waganda huiita kwa jina lilo hilo, imebeba ndani yake neno la Kihindi gur. Leo chapati ni chakula cha Mganda, cha Msoga na cha Mwacholi. Huuzwa kila pembe ya mji, na vijana huiviringisha na mayai wakala huku wanatembea. Chakula kimekuwa chetu. Linalobaki ni kuuliza kama ile elimu ya kukipika nayo imekuwa yetu.

Sisi tunaoandika ni mume na mke, wote wawili walimu wa Kiswahili katika mji wa Jinja. Jirani yetu alikuwa bibi mmoja Mgujarati ambaye mtaa mzima ulimwita Masi. Katika lugha yake masi ni dada wa mama, yaani yule ambaye sisi tungemwita mama mdogo au mama mkubwa. Masi alizaliwa Kisumu, akaolewa Jinja, na mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 za kuondoka Uganda, aliondoka na watoto watatu na masanduku mawili. Alituambia kwamba vyombo vyake vya jikoni alivigawa kwa majirani: vinu, sufuria za shaba, chuma cha chapati. Miaka ya 1990, baadhi ya waliofukuzwa walipoanza kurudi na kudai mali zao, alirudi pamoja na mumewe. Watoto walibaki Uingereza, katika mji wa Leicester.

Alikuwa hali nyama, na jiko lake lilikuwa la nafaka, mboga na maziwa. Kiswahili chake kilikuwa cha Kisumu na cha dukani, chepesi na chenye haraka, nacho ndicho tulichozungumza naye. Kiingereza alikijua kwa kubahatisha. Kusoma na kuandika alijua kwa Kigujarati peke yake. Hapo ndipo ulipokuwa mzigo wake. Mjukuu wake wa Leicester, aliyempenda kuliko wote, hakuweza kusoma Kigujarati. Na macho ya Masi yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Siku moja alituita akasema, "Beta, nyinyi walimu. Mimi nitasema, nyinyi mtaandika. Yule mtoto anataka kupika dal yangu, na mimi sina miaka mingi." Beta ni mwanangu. Nasi hatukuweza kukataa.

Dal anayoisema ni mchuzi wa mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa, nao kwa Wagujarati huwa na chumvi, uchachu, ukali na utamu pamoja. Mbaazi huchemshwa na manjano mpaka ziwive, zikavurugwa, zikatiwa nyanya, tangawizi, pilipili, sukari guru na ndimu. Mwisho huungwa kwa samli iliyotiwa haradali, uzile na mvuje. Tulinunua mizani ndogo ya jikoni. Ili tusiusumbue mkono wake, tulipima kikopo cha chumvi na kile cha sukari guru kabla hajaanza, tukavipima tena alipomaliza. Kilichopungua ndicho alichotia. Tulifanya hivyo Jumamosi tatu mfululizo, kwa mbaazi za kikombe kile kile cha bati na katika sufuria ile ile.

Jumamosi ya kwanza alitia chumvi gramu 14 na sukari guru gramu 20. Ya pili, chumvi gramu 11 na sukari guru gramu 35. Ya tatu, chumvi gramu 17 na sukari guru gramu 12. Tulipoonja, mchuzi ulikuwa ni ule ule mara zote tatu.

Tulimwonyesha tarakimu zile, naye akacheka. "Jumamosi ile ya pili nyanya zilikuwa kali, beta. Na makaa yalikuwa makali, maji yakakauka, sasa chumvi nyingi ya nini? Jumamosi hii mbaazi zimekunywa maji sana." Hakukumbuka kwamba alikuwa amepima chochote. Lakini alikumbuka hali ya kila nyanya na kila moto wa wiki tatu nzima. Sisi tuliokuwa na mizani tulijua uzito wa chumvi. Yeye alijua sababu yake.

Hatusemi haya ili kuudharau uandishi wa vipimo. Madhur Jaffrey, aliyezaliwa Delhi mwaka 1933, alikwenda London kusomea uigizaji naye hajui kupika. Alimwomba mama yake msaada, na mama akamfundisha kwa barua. Kitabu chake cha kwanza cha mapishi ya Kihindi kilitoka mwaka 1973, na vitabu vyake vyenye vipimo vilivyonyooka vimewafungulia mlango watu wengi ambao hawakuwa na bibi wa kusimama naye jikoni. Mwandishi Yasmin Alibhai-Brown, mzaliwa wa Kampala, naye aliyakusanya mapishi ya Waasia wa Uganda ndani ya kitabu cha kumbukumbu za maisha yake zaidi ya miaka 30 baada ya kufukuzwa kwao. Bila kazi kama hizo, mengi yangekwisha kuzikwa pamoja na wenyewe.

Hata hivyo tarakimu husafiri vibaya. Jinja iko zaidi kidogo ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka yakifika karibu nyuzi 96 za Selsiasi, si 100. Mbaazi zinazowiva kwa muda fulani Mombasa zitataka muda mrefu zaidi kwetu, na mbaazi kuukuu hutaka moto zaidi ya mbaazi mpya popote zilipo. Unga wa msimu wa mvua hutaka maji machache kuliko unga wa kiangazi. Pilipili mbili za kichaka kimoja hazina ukali mmoja. Anayeandika "dakika 40" ameandika habari za jiko lake na za siku ile tu.

Basi, baada ya Jumamosi zile tatu tuliiweka mizani kando, tukaanza kumwuliza Masi swali jingine. Badala ya kuuliza "kiasi gani?", tuliuliza "umejuaje?" Hapo ulimi wake ulifunguka, na daftari likaanza kujaa. Tuandike hapa baadhi ya aliyotuambia, kwa maana yanatufaa sisi walimu wa lugha kama yanavyowafaa wapishi.

Mbaazi zimewiva ikiwa punje moja, ukiibana kati ya kidole gumba na cha shahada, inapondeka yote bila kuacha kiini kigumu katikati. Wali hutiwa maji mpaka ncha ya kidole ikigusa juu ya mchele, maji yafike kwenye pingili ya kwanza. Na kanuni hii haijali sufuria ni pana au nyembamba kiasi cha kumpotosha mpishi wa nyumbani. Unga wa chapati umekandika ukiwa laini kama ndewe ya sikio, na kila mpishi anayo ndewe yake ya kulinganishia. Vitunguu na nyanya pamoja na bizari vinaendelea kukaangwa mpaka mafuta yajitenge na kutanda kandokando ya chungu. Kabla ya hapo, ubichi wa bizari bado umo, hata saa ikisema nini.

Kuunga ndiko kulikokuwa na elimu kubwa kuliko yote. Samli ikipata moto, hutupwa punje moja ya haradali. Ikilala kimya, ngoja. Ikitatarika, tia zote. Mwanzo zitatatarika kwa fujo kama mvua ya mawe juu ya bati. Halafu mlio utaanza kupungua. Mlio unapopungua, kabla haujakoma, ndipo unapotiwa uzile. Uzile haungoji. Pumzi mbili tatu, unageuka rangi na kunukia. Pumzi moja zaidi, unanuka. Tulipomwuliza atueleze mpaka ulipo, Masi alisema tu, "Pua inajua." Lakini Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuuweka mpaka huo katika irabu moja, kati ya kunukia na kunuka. Tumefundisha tofauti ya vitenzi hivyo darasani kwa miaka mingi kwa mifano ya maua na ya jaa. Tangu siku ile tunaifundisha kwa uzile.

Ni haki kueleza pia kwamba Masi alikuwa na jambo moja ambalo hakulikadiria kamwe, nalo ni achari ya embe. Hapo alikuwa mkali. Vikombe vinane vya vipande vya embe, kikombe kimoja cha chumvi, kikombe kimepigwa ubao juu, na asiulizwe zaidi. Tulimwuliza kwa nini mkono wake, uliojua kila kitu, haukuaminiwa hapo. Alijibu kwamba dal unaionja na kuitengeneza papo hapo. Achari unaifunga ndani ya gudulia, na kosa lake utaliona baada ya mwezi, ukungu umekwisha kuota. Kwa shira ya vitamutamu, ambayo watu husema inataka vipimo vya hakika, hakutumia kikombe. Alichukua tone kati ya vidole viwili, akavitanua, akatazama kama inavutika uzi mmoja au mbili. Hivyo ndivyo tulivyopata kanuni ambayo hatukuisoma katika kitabu chochote: palipo na nafasi ya kuonja na kusahihisha, fundisha ishara, pasipo na nafasi hiyo, fundisha kipimo. Mwalimu atakayeitazama kazi yake kwa jicho hilo ataona kwamba ngeli na upatanisho wa sarufi ni kama achari, havina budi kushikwa barabara, lakini mazungumzo ni kama dal, nayo hayafundishiki pasipo kuonja.

Tuliandika daftari kwa Kiswahili, kama Masi alivyosema, kisha tukalifasiri kwa Kiingereza na kulipeleka Leicester. Vitenzi ndivyo vilivyotutoa jasho. Kwa kutatarika tulipata neno. Kwa kunukia na kunuka ilibidi tuandike sentensi nzima. Ukurasa wa kushoto tuliandika ishara. Wa kulia tuliuacha mtupu.

Baada ya wiki chache mjukuu alipiga simu, naye yuko mbele ya jiko. Alisema amesoma, ameelewa, lakini mlio wa haradali "unaoanza kupungua" haujui, kwa sababu hajawahi kuusikia. Masi aliomba simu iwekwe karibu na chungu. Tulikaa sote kimya sebuleni mwake, simu ikiwa imefunguliwa sauti, tukisikia punje zinatatarika huko Uingereza. Masi alikuwa amefumba macho yale yasiyoona vizuri, ameinamisha kichwa. Mlio ulipoanza kulegea alisema neno moja kwa Kigujarati, na kutoka upande wa pili tukasikia uzile ukiingia ndani ya samli.

Walifanya hivyo mara nne au tano, siku mbalimbali. Mara ya mwisho mjukuu hakuuliza kitu. Alipiga ili bibi asikilize tu. Masi alifariki katika msimu wa mvua uliofuata, na waliokuja kutoka Leicester kwa mazishi walikuta sufuria zake mahali pake. Mjukuu alipika chakula cha wageni baada ya siku za msiba, katika jiko lile, kwa makaa, ambayo hakuwa ameyazoea. Hatukumwona akifungua daftari. Tulimwona akibana punje ya mbaazi kwa vidole viwili.

Ndugu wasomaji, wengi wenu mnafundisha mahali ambapo Kiswahili kimepakana na lugha nyingine nyingi: Kiganda, Kirundi, Kinyarwanda, Kibemba, Kilingala. Majikoni mwa nyumba zenu kuna wazee wapikao kwa mkono, na maneno ya ishara zao hayajaingia katika kamusi zote. Tunawaomba muwaulize, na swali la kuuliza ni hilo la "umejuaje?" Uliza wakati chungu kiko motoni, kwa sababu mzee akiwa amekaa barazani hatakumbuka. Andika kitenzi chenyewe alichokitamka, hata kama ni cha lugha yake, kabla ya kukitafutia Kiswahili. Pima kwa mizani palipo na achari tu. Na ukurasa wa kulia uacheni mtupu. Mjukuu wa Masi amekwisha kuujaza wa kwake kwa ishara za nyanya za Leicester, ambazo Masi hakupata kuziandikisha.